Ngozi Zisizofika Unyambwa

Zefania Njiku wa Ihanja ana maadui wawili duniani: kupe na neno "subiri". Kupe anawamudu kwa dawa. Hilo la pili limemshinda. Ameambiwa subiri na watendaji wa kata wengi mno, wengine wamekwisha kustaafu, na mmoja alianza kumwambia subiri akiwa kijana mwembamba, akahamishwa akiwa na kitambi. Zefania huwa hagombi. Anavaa koti lake la kijivu, anachukua fimbo, anakwenda ofisini, anaambiwa subiri, anarudi shambani kupalilia alizeti. Majirani wakimwona na koti siku isiyo ya kanisa wanajua leo mzee amekwenda kudai.

Anachodai ni mali iliyopotea wakati wa vita vya Kagera. Vijana wa kijiweni wakisikia hivyo hucheka, na si kwa ubaya, maana Kagera iko huko na Ihanja iko hapa. Humuuliza, "Babu, kwani adui alifika Ihanja lini?" Adui hakufika. Iliyofika ni amri. Kulikuwa na kitongoji kikiitwa Isanja, mbuga pana yenye majani mazuri na maji yasiyokauka hadi mwezi wa tisa, na wakati ule palitafutwa uwanja wa kufundishia mgambo kabla hawajapelekwa vitani. Isanja ikaonekana inafaa. Wenyeji wakapewa siku chache wafungashe, wahamie porini upande wa machweo, ambako waliambiwa ardhi ni bure na mvua haikosi.

Hakuna aliyekataa, na hilo liandikwe. Nchi ilikuwa vitani, na karibu kila mji ulikuwa na mtoto aliyekwenda. Zefania, wakati huo kijana mwenye mke mmoja na nguvu za kuchezea, alisaidia majirani kung'oa nguzo za matembe yao huku akiimba. Leo ukimuuliza kama walionewa atakuambia hapana, vita ni vita. Halafu ataongeza kwamba hata hivyo mali ni mali, na mtu aliyeharibikiwa asikilizwe.

Sasa, mali yenyewe. Nyumba ya tembe moja, vihenge vya mtama, miti ya kivuli, na ng'ombe thelathini na watano waliokuwa katika zizi la baba yake, Mzee Njiku. Hapo kwenye ng'ombe ndipo penye mfupa, na mtu asiyejua desturi za huku atausikia mkasa huu hadi mwisho na hataelewa watu walikuwa wanagombea nini.

Mnyaturu mwenye ng'ombe wengi haweki ng'ombe wote nyumbani kwake. Atakuwa mjinga wa kupigiwa mfano. Ugonjwa ukiingia zizini utawamaliza wote, wenye kijicho wataona, na ndugu wenye shida watapiga hodi kila asubuhi. Kwa hiyo huwagawa. Hawa anawaweka kwa rafiki wa huku, wale kwa rafiki wa kule. Aliyewekewa anakunywa maziwa, anapata mbolea ya shamba lake, na akitunza vizuri miaka ikapita, hupewa ndama. Na mbele ya mgeni, hasa mgeni mwenye kofia ya serikali, aliyewekewa husema ng'ombe wote ni wake. Mwenye mali naye, akiulizwa, husema hana kitu. Huo si uongo kwa watu wa huku. Ni kusitiriana.

Lakini kusitiriana kuna sheria zake. Ng'ombe akifa, aliyewekewa humpelekea mwenyewe ngozi. Ngozi ndiyo inayosema kwamba mnyama amekufa, hakuuzwa, hakuchinjwa kwa tamaa. Ukipeleka ngozi, mambo yamekwisha, mnakunywa pombe, anakupa pole. Usipopeleka, umekula ng'ombe wa mwenzako.

Kati ya wale thelathini na watano, Mzee Njiku alikuwa na wanne wake. Thelathini na mmoja walikuwa wa Mzee Ntandu wa Unyambwa, rafiki yake tangu ujana. Basi, watu wa Isanja wakaswaga mifugo yao hadi porini walikoelekezwa, na pori hilo lilikuwa na mbung'o kiasi cha kumfanya mtu atembee akijipiga mabega. Masika hayajaisha, ng'ombe wakaanza kukonda, kudondokwa na machozi, kulala. Walikufa mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Bwana mifugo wa enzi hizo akaja na baiskeli, akaona mizoga, akaogopa kimeta. Akaamuru kila mzoga uchomwe na kufukiwa vilevile ulivyo, mtu asichune, atakayechuna ashitakiwe. Mzee Njiku alimfuata huku na huku akiomba ruhusa ya ngozi tu. Akanyimwa. Akachimba mashimo, akachoma, akafukia.

Akaenda Unyambwa mikono mitupu.

Aliyoambiwa huko Zefania hakuyasikia kwa masikio yake, kwa maana baba yake alikwenda peke yake na aliporudi hakusimulia. Ila maneno hayana mguu na bado hutembea. Mnadani Ihanja ilisemwa kwamba Njiku amewauzia askari ng'ombe wa Ntandu. Ng'ombe thelathini na mmoja wafe, hata ngozi moja isionekane? Wakati ule ule nyama ilikuwa inahitajika na wanunuzi walikuwepo, kwa hiyo uongo ulikaa vizuri kabisa mahali pake. Lisemwalo lipo, watu walisema, na wakaendelea kulisema. Miaka mitatu baadaye Mzee Njiku akafa. Ntandu hakuja msibani.

Mjane wa Njiku, Magreth, mama yake Zefania, ndiye aliyebaki na mzigo. Walikuwa wamerudi kuishi Ihanja kando ya barabara kuu, mahali ambapo kila mtu hupita na kila mtu ana ndugu Unyambwa. Tangu mumewe afe, mama huyo hakuweka nyama kinywani mbele ya watu. Kwenye harusi sahani ilipopita alichukua ugali na mlenda, akasema tumbo halitaki. Tumbo lilikuwa linataka sana. Hakutaka tu mtu amwone anatafuna halafu aulize ni ng'ombe wa nani huyo. Zefania aliona hayo kwa miaka mingi, na yalimchoma.

Sasa unaelewa koti la kijivu. Binti yake Eliana, anayeishi naye na kuendesha duka dogo la mbele ya nyumba, aliamini siku zote kwamba baba anatafuta fidia ili aezue bati lililooza na kununua jozi ya maksai. Bati kweli lilikuwa limeoza. Lakini mzee alikuwa anatafuta kitu kingine. Alitaka watu wenye mamlaka wakae mezani, waulize, wasikie, kisha waseme mbele ya kadamnasi kwamba ng'ombe wa Isanja walikufa. Basi. Kwake yeye hilo lingekuwa sawa na kupeleka ngozi Unyambwa.

Mwaka juzi ikatangazwa kwamba imeundwa kamati ya kusikiliza waliohamishwa wakati wa vita. Itapita kila kata. Atakayedai nyumba aonyeshe msingi, atakayedai mifugo alete shahidi asiye wa ukoo wake. Watu walioandikishwa walikuwa wachache, maana wengi wa Isanja wamekwisha kulala. Zefania akatafuta shahidi. Jirani wa kushoto alikuwa amekufa, wa kulia amekufa, wa mbele yuko hai ila anamwita kila mtu kwa jina la mkewe marehemu. Akabaki mtu mmoja tu duniani ambaye aliwahi kuja Isanja kuwaona wale ng'ombe na bado ana akili zake: Gaspari Ntandu, mtoto wa mwenye ng'ombe.

Kwa hiyo alivaa koti, akaenda Unyambwa.

Mji wa Singida umekwisha kuifikia Unyambwa. Palipokuwa na shamba la Ntandu sasa pana nyumba za kupangisha na kijana anauza vocha. Gaspari alikuwa amekaa uani anachambua dengu. Amemzidi Zefania miaka michache, na mguu mmoja unamsumbua.

"Shikamoo, kaka Gaspari."

"Marahaba." Alimtazama muda. "Wewe si Zefania?"

"Ndimi."

"Umezeeka."

"Na wewe hujambo."

Hawakuwa wamezungumza tangu vita. Walikutana mara mbili tatu stendi, kila mmoja akapata jambo la kuangalia upande wa pili. Gaspari aliita maji, maji yakaja, Zefania akanywa kwa sababu kukataa maji kungeharibu kila kitu. Halafu akaeleza haja yake bila kuzunguka.

"Unataka nikakushuhudie," Gaspari alisema, "ulipwe ng'ombe wa baba yangu?"

"Nataka ukashuhudie kwamba walikuwa wa baba yako, na walikuwa kwetu."

"Sasa hapo wewe unapata nini?"

"Hao wanne wetu nitalipwa. Wenu mtalipwa ninyi. Mimi nataka iulizwe na ijulikane walikokwenda."

Gaspari alirudi kwenye dengu zake. Zefania alikuwa amejiandaa kwa matusi, na kwa kufukuzwa, na hata alikuwa amejiandaa kuapa. Hakujiandaa kwa lililofuata, yaani Gaspari kusema, "Ni siku gani?" Alitajiwa siku. Akasema atakuja. Njia nzima ya kurudi Zefania alijiuliza imekuwaje ikawa rahisi hivyo, na jambo rahisi halikuwa limemzoea.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa kata pale Ihanja, siku ya upepo, madirisha yakigonga. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja aliyetoka Dodoma, jina lake Redempta, mtu mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka. Alikuwa amesikiliza kata nyingi kabla ya hiyo. Ukumbi ulijaa watu wasio na dai lolote. Huku kwetu kikao cha wazi ni burudani, na wamama walikuja na vigoda vyao. Eliana alifunga duka akasimama mlangoni.

Nyumba ya Zefania haikuwa na tabu. Msingi ulikuwa umekwisha kuonekana, mawe yapo. Wakaja kwenye mifugo.

"Mzee umeandikisha ng'ombe thelathini na watano," mama Redempta alisema.

"Ndiyo, mama. Wanne wa baba yangu. Thelathini na mmoja wa Mzee Ntandu wa Unyambwa. Waliwekwa kwetu."

Mama Redempta akavua miwani. "Mzee wangu, ngoja tuelewane. Hao thelathini na mmoja si mali yako?"

"Si mali yangu."

"Sasa umewaandikisha kwa nini?"

"Kwa sababu walifia mikononi mwetu."

Watu wakacheka, lakini wale wazee wa mbele hawakucheka. Wao walijua alichofanya. Ametaja hadharani ng'ombe wa kuwekewa, na jina la mwenyewe, mbele ya serikali. Mtu wa umri wake hafanyi hivyo bila sababu nzito. Mmoja wao alisikika akiguna kwa Kinyaturu.

Akaitwa shahidi. Gaspari akapita mbele na mguu wake, akaulizwa jina, akalitaja. Akaulizwa kama anaijua Isanja. Anaijua. Kama aliona ng'ombe katika zizi la Mzee Njiku. Aliwaona kwa macho yake.

"Wangapi walikuwa wa baba yako?"

"Hakuna," Gaspari alisema.

Upepo ukagonga dirisha.

"Baba yangu hakuwa na ng'ombe Isanja. Wale wote walikuwa wa Mzee Njiku. Alikuwa tajiri. Wakafa kwa mbung'o, tulisikia. Huyu ni mtoto wake, alipwe wote."

Mama Redempta akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alikuwa amezoea watu wanaovutana ng'ombe mmoja, huyu anashika pembe, yule anashika mkia. Hawa walikuwa wanasukumiana kundi zima. Akageuka kwa Zefania, na kwa haki alikuwa anamtafutia njia.

"Mzee, umemsikia shahidi wako. Inawezekana umechanganya, ni zamani. Kama unakubali kwamba wote walikuwa wa baba yako, mimi nitaendelea na dai lako lote leo hii."

Eliana pale mlangoni alikuwa anamwashiria baba yake kwa kichwa, kubali, kubali, huku ameshika kanga yake kifuani. Hakuwa mtu wa tamaa. Alikuwa mtu anayeweka sufuria chini ya bati kila masika.

Zefania akasimama. Koti lilikuwa limemkaa upande.

"Mama mwenyekiti, siwezi."

"Kwa nini mzee?"

"Kwa miaka yote hii imesemwa kwamba baba yangu aliwafanya ng'ombe wa mwenzake kuwa wake. Leo unaniambia niseme walikuwa wake, halafu nipokee. Nitakuwa nimemaliza kazi ya waliomsema." Akamgeukia Gaspari, na sauti ikapanda, jambo ambalo watu wa Ihanja hawakuwahi kulisikia kwake. "Na wewe kaka, nani amekuomba unipe ng'ombe wa baba yako? Nimekuomba useme kweli. Sema walikuwa wenu!"

"Nimekwisha kusema," Gaspari alijibu, na akatazama sakafu.

Ikawa hivyo. Mdai anasema si wake, shahidi anasema si wetu, na kamati haina kifungu cha mali inayokataliwa na pande zote mbili. Mama Redempta alijaribu mara moja zaidi, kwa upole, kisha akasema dai la mifugo limeondolewa kwa kukosa mwenyewe, lote, pamoja na wale wanne, kwa sababu hawezi kuwatenganisha na wengine kwa ushahidi ule. Nyumba itaendelea. Akaita jina la mtu mwingine. Wamama wakaanza kunong'ona. Kuna aliyesema mzee ni mwaminifu, na kuna aliyesema mzee ni mpumbavu, na wote wawili walikuwa na hoja.

Eliana alimpita baba yake bila neno akaenda kufungua duka.

Gaspari alikuwa amekwisha kutoka. Zefania akamfuata hadi kituoni, kando ya barabara kuu, akamkuta amekaa kwenye gogo wanapokaa wasafiri, mguu ameunyosha. Alikuwa na hasira ya kweli, hasira inayokausha mate. Hakumpa shikamoo tena.

"Umenidhalilisha."

"Nilitaka ulipwe, yaishe," Gaspari alisema. "Nilidhani utanyamaza. Mtu yeyote angenyamaza."

"Yaishe yapi? Baba yako alimwita baba yangu mwizi. Amekufa akimwita mwizi. Na wewe umekuja hapa kunihonga kwa ng'ombe waliooza, ili nisiulize tena?"

Lori lilipita na vumbi lake, Gaspari akangoja vumbi litulie.

"Baba alijua," alisema.

"Alijua nini?"

"Kwamba walikufa. Alikwenda mwenyewe huko porini kwenu. Hakuwaamkia. Alisimama kwenye kichuguu akaona mashimo na mifupa, akarudi. Aliniambia alipokuwa anakata roho."

Zefania akakaa kwenye gogo.

"Na kuna jingine," Gaspari aliendelea, kwa kuwa mtu akianza kutapika hachagui. "Baba yako alikuja kwetu kabla hamjahama. Alimwambia baba, chukua ng'ombe wako, huko tunakopelekwa sikujui. Baba akakataa. Ulikuwa wakati wa michango ya vita, watu walikuwa wanatoa ng'ombe, na baba alikwisha kusema mbele ya mkutano kwamba hana kitu. Kundi lile lingeingiaje Unyambwa mchana watu wanaona? Alimwambia, nenda nao, watunze, vita vikiisha nitawachukua. Walipokufa akaona aibu. Angesema nini? Angesema nilikataa kuwachukua ndiyo maana wamekufa, watu wangemuuliza ulikataa kwa nini. Kwa hiyo alimtupia mwenzake lawama. Kwa watu wachache kwanza, kwa kunong'ona. Halafu maneno yakaondoka mikononi mwake."

"Na baba yangu hakunieleza kwamba alikwenda kuwarudisha."

"Angekuelezaje? Siri ya mwenye ng'ombe haikuwa yake."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli liliuma kuliko yote. Mzee Njiku alikuwa amebeba jina la wizi hadi kaburini ili asivunje sheria ya kumsitiri mtu aliyekuwa anamwita mwizi. Zefania aliona macho yake yanajaa, akayaacha. Mbele yake watoto wa shule walikuwa wanavuka barabara.

"Alikuambia mwaka gani?" aliuliza baadaye.

"Themanini na tisa."

"Themanini na tisa."

"Ndiyo, mdogo wangu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi ndiye niliyemwosha. Ningekwenda kusimama wapi niseme?"

"Mama yangu alikufa tisini na tatu," Zefania alisema.

Mtu mwingine angesema pole, Gaspari hakuthubutu. Miaka minne ile mama Magreth alikuwa bado anakwenda harusini na kuchukua ugali na mlenda, na mtu mmoja huko Unyambwa, mwendo wa basi moja tu, alikuwa na neno ambalo lingemrudishia nyama kinywani.

Basi la kwenda Singida likaja, likapiga honi. Kondakta akaruka chini akaita mjini, mjini, wazee twendeni. Gaspari alishika fimbo yake ili ainuke. Zefania akamwekea mkono kwenye goti, si kwa nguvu.

"Huyu hapandi," alimwambia kondakta. Kondakta akasonya, basi likaondoka.

"Unataka nirudi kwenye kamati?" Gaspari aliuliza. "Nikaseme?"

"Kamati wamekwisha kufunga dai. Na yule mama wa Dodoma si yeye aliyekuwa anapitisha sahani. Twende nyumbani."

"Kwako?"

"Kwa mama."

Walitembea polepole kwa ajili ya mguu. Eliana alikuwa dukani anapima sukari, uso umenuna, alipomwona mgeni akamwamkia kwa lazima, "Shikamoo baba mkubwa," akaitikiwa. Akataka kuuliza kama awapikie chai. Baba yake akapita naye moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, kwenye minyaa, ambako kuna kaburi la saruji lililopasuka upande mmoja, na msalaba ambao mvua imekula jina lake nusu.

Eliana akawafuata kwa mbali, akasimama pembeni ya jiko. Aliona mzee wa Unyambwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili. Alimwona anainamisha kichwa kama mtoto aliyeitwa ofisini, akaanza kusema kitu kwa Kinyaturu, jina la Mzee Ntandu, kisha ng'ombe, kisha akakwama, akaanza tena, kwa sauti ndogo ambayo Eliana hakuipata vizuri. Baba yake alikuwa amesimama hatua moja nyuma, mikono mgongoni, koti bado limekaa upande, na machozi yanamtiririka wala hayafuti.

"Ongea kwa nguvu," Zefania alimwambia. "Mama hakuwa anasikia vizuri."